Zamu ya Kibwana

Majani yalipoanza kupukutika, wanaume wa mtaa walikutana kwa Tindwa kupanga safari ya kuvua kwenye ziwa la kaskazini. Sharti lao lilikuwa moja: kila mtu afunge ndoana yake mbele ya wenzake. Asiyeweza hubaki nyumbani.

Mzee Kibwana hakuwahi kuikosa safari hiyo. Zamu yake ilipofika, mikono ikamtetemeka, uzi ukapita pembeni ya tundu mara tatu.

“Lete nikufungie, mzee wangu,” alisema Tindwa.

“Wewe, niliyekufundisha mimi?”

Wakacheka, kisha wakanyamaza, maana alikosa tena.

Tindwa akainamisha macho, akaanza kuwapanga wapiga makasia. Aliwataja wote isipokuwa Kibwana, naye bado ameinama, akilamba ncha ya uzi ili ichongoke.