Jiwe Kwenye Foleni ya Maji

Mpini wa bomba la juu ulipotea Jumatatu, tarehe tisa Februari, mwaka 1987. Wanawake wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale walifika asubuhi wakakuta chuma kimesimama bila mpini, kama mtu aliyekatwa mkono katikati ya salamu.

Muzee Sulait, ambaye nyumba yake iko nyuma tu ya bomba hilo, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

"Wakubwa hao! Wamelala, mali inaibiwa. Ungekuwa mpini wa mlango wa ofisi yao, polisi wangekuwa hapa tangu jana!"

Watu waliitikia, kweli kabisa. Nani angebisha? Wakubwa wana tangi lao. Mwenye tangi ataijulia wapi kiu?

Basi watu wote wakahamia bomba la chini, karibu na soko. Foleni ilijikunja mpaka nyuma ya vibanda vya nyama. Mwenye jerikeni ya ziada aliiweka kwenye mstari; asiyekuwa nayo aliweka jiwe. Na jiwe likishawekwa, ni mtu. Hulisogezi, huliruki. La Yayeri lilikuwa jekundu. La Herbert, askari mstaafu, lilikuwa na mstari mweupe. Wenyewe walikwenda kupalilia maharage yao, wakarudi zamu ikikaribia.

Sulait peke yake hakwenda popote. Alikaa kando ya kijerikeni chake cha lita tano, kikijaa anakipeleka nyumbani, halafu huyo anarudi tena mkiani.

"Muzee," Yayeri alimwambia, akifukuza nzi kwenye sufuria ya bushera, uji wa mtama aliouuza pale pale foleni, "jerikeni yako iko na miguu? Itakimbia? Weka jiwe, uende ulale."

"Jerikeni yangu haipendi kukaa peke yake."

Foleni ikacheka. Yayeri alicheka huku amelishika tumbo lake kwa mikono miwili, maana mimba ilikuwa imeshakuwa kubwa.

"Na haya maji yote unapeleka wapi? Umefuga ngamia?"

"Nafuga kiu. Wakubwa ndio walinigawia."

Wakacheka tena. Alikuwa hajachekesha mtu tangu alipofukuzwa mtaa wa Ruti, kule Mbarara, mwaka 82, akaliacha duka lake la mafuta ya taa na mlango wazi. Mke wake Saudah alizikwa hapa hapa kambini. Tangu hapo, nyumbani kwake palikuwa na kitanda, magunia ya mtama, na mlango unaofungwa kwa kamba. Pale bomba la juu mtu alichota, akasema salama, akaondoka. Sulait akipiga chafya alisema "Alhamdulilahi," akangoja kidogo, kisha akajiombea rehema mwenyewe.

Kwenye foleni alipiga chafya mara moja tu, wakamwitikia watu watatu. Hata Herbert, ambaye ni Mkatoliki.

Jumatano karani wa ofisi akapita akitangaza: fundi anakuja kesho kutoka Mbarara, bomba la juu litapona.

Watu walipiga vigelegele. Sulait alitema mate.

"Mnaona? Mambo ya maana wanachelewa. Haya sasa ndiyo wanaharakisha!"

Wakacheka, wakidhani ni utani wake ule ule.

Fundi Aloysius, mtu wa Nyamitanga, alishuka kwenye lori la maharage, akalizunguka bomba la juu, akatikisa kichwa.

"Mpini wa namna hii Mbarara hakuna. Mpaka Kampala. Na vya Kampala mnavijua, mtangoja mpaka mtoto aote ndevu. Lakini ule wa zamani ukionekana kabla lori halijaondoka, nafunga sasa hivi. Na sitauliza ulikuwa wapi."

"Mwizi alete tu," Herbert alisema kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. "Mimi hapana piga yeye. Labda kidogo."

Saa hiyo hiyo Yayeri alikuwa anapanda kilima na jerikeni kichwani. Akateleza, akakaa tope, maji yote yakamwagika. Alianza kwa kucheka, na watu wakacheka naye. Halafu kicheko chake kikageuka.

"Huyu mtoto," alisema akifuta uso, "nitamzaa foleni. Watamwekea jiwe lake."

Sulait alimmiminia lita zake tano zote. Hakusema neno juu ya wakubwa. Alikishika kijerikeni kitupu, akaenda nyumbani haraka, akafungua kamba, akafunga mlango kwa ndani. Alisukuma magunia ya mtama, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye shimo chini ya kitanda, pale alipouficha mpini wa bomba Jumatatu ile kabla watu hawajaamka.

Vidole vikagusa kitu cha baridi. Akakitoa.

Lilikuwa jiwe. Jeusi, laini, lilikuwa limewekwa sawasawa katikati ya shimo, kama unavyoweka jiwe ukitaka watu wajue kwamba nafasi hii ina mwenyewe. Mpini haukuwepo.

Lori la maharage likapiga honi, likaondoka na fundi wake.

Mawe yote ya foleni Sulait aliyajua. Hili hakulijua.

Asubuhi alilibeba kwenye kofia yake ya kufuma mpaka bomba la chini. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote, na watu walikuwa wameanza vichekesho bila yeye. Aliliweka lile jiwe nyuma ya kijerikeni chake, akajinyoosha, akawatazama mmoja mmoja: Yayeri na sufuria yake, Herbert na buti zake, karani wa ofisi ambaye siku hizi naye alikuja kuchota.

"Jamani," akasema, "hili jiwe ni la nani?"