Wizi wa Theluji

Arvilla alisimamisha gari la barua kwenye geti la kaka yake Verl, akatazama nyuma, akatazama mbele, kisha akafunga koki ya gesi ya mashine iliyosimama kando ya geti. Moto uliokuwa ukinguruma ndani ya bomba refu ukazimika. Akatia magazeti ya Verl sandukuni, akapanda gari na kuendelea na kazi.

"Mwizi mkubwa," alisema kwa sauti, ingawa garini alikuwa peke yake.

Hapa Utah kila mfugaji aliijua ile mashine. Mawingu ya majira ya baridi hupanda milima yakiwa yamebeba maji yaliyopoa kupita kiwango cha kuganda, lakini hayagandi kwa kukosa cha kushika. Mashine inachoma dawa yenye madini ya fedha, moshi unapanda, maji yanapata cha kushika, theluji inaanguka. Watu wa hali ya hewa walimwekea Verl mashine hiyo mwezi wa Novemba. Wakimpigia simu kwamba dhoruba inakuja, anawasha, halafu anakwenda kulisha ng'ombe wake.

Na Verl, Mungu amsamehe, alikuwa na mto mzima unaopita shambani mwake! Baba yao alipogawa ardhi, Verl alipata upande wa mbele wa mlima. Arvilla akapata upande wa nyuma na chemchemi moja inayoishi kwa theluji. Miaka miwili sasa chemchemi hiyo ilitoa maji ya kulowesha kiatu tu. Isipojaa mwaka huu, kondoo wote wanauzwa, naye anabaki kusambaza barua za watu. Na mawingu yaliyokuwa yakija kwake, Verl alikuwa anayakamua njiani.

Jumapili moja baada ya ibada, Verl alimfuata kwenye meza ya chakula.

"Dada, ile mashine ina shetani. Naiwasha, nikirudi nakuta imekufa."

"Labda mawingu yamechoka kuibiwa."

"Arvilla, hebu nikueleze basi..."

"Waeleze kondoo wangu. Wao ndio wenye muda."

Akabeba bakuli lake la viazi vya jibini, watu hata hawajapakua, akaondoka.

Kilichomuudhi kuliko hata Verl ni mawingu yenyewe. Alikuwa anayaokoa kutoka kwa mwizi, anavuka mlima kurudi nyumbani, anayakuta juu ya paa lake, mazito, meusi. Waya za ua wake zilikuwa zinaota barafu nyeupe upande wa upepo, nene kama kidole. Maji yalikuwepo! Yakapita, yakaenda zake jangwani bila kuangusha kitu.

"Nimewatoa mikononi mwake, nyie!" alipiga kelele uani. "Angukeni basi!" Mbwa wake akajificha chini ya kibaraza.

Dhoruba moja tu ilimpa theluji ya maana. Siku hiyo Verl alikaa ndani ya pikapu yake kando ya mashine, akiilinda, na Arvilla hakupata nafasi ya kugusa koki. Alipofika nyumbani akakuta theluji imefika magotini. Dhoruba ile ilikuwa kubwa mno, alijiambia, hata mwizi hakuweza kuimaliza. Dhoruba iliyofuata hakufanya mzaha, aliifunga koki kwa nguvu mpaka glavu ikachanika.

Aprili ilipofika, Merrill, mtaalamu wa hali ya hewa aliyeileta ile mashine, alikuja kwa Arvilla na bomba la kupimia theluji. Akalichoma nyuma ya zizi. Likagonga udongo papo hapo. Akajaribu pengine, likagonga tena. Pale zizini dalali alikuwa ameshaanza kuwatia kondoo alama za rangi mgongoni.

"Unatafuta nini hapa?" Arvilla alimuuliza kwa hasira. "Nenda kapime kwa Verl. Ndiko ilikoishia."

"Kwa Verl hatupimi, Dada Arvilla. Kule hatukutegemea ianguke hata punje moja."

"Na moto anauwasha wa nini? Wa kuotea?"

"Moshi ukishaingia winguni, theluji haianguki hapo hapo. Mpaka maji yashike na yakue, upepo umeshayavusha mlima. Nilimwambia Verl tangu siku aliyokuja ofisini kuiomba ile mashine. Nikamwambia, bwana, utahangaika na baridi bure, theluji yote itaangukia nyuma ya mlima."

Merrill alifuta tope kwenye bomba lake.

"Akasema anajua. Akasema nyuma ya mlima yupo dada yake."