Kikohozi cha Celedonio

Jumamosi asubuhi Elvira alikuta chupa nyingine ya dawa ya kikohozi imefungwa kwa utepe kwenye mlango wa baba mkwe wake. Mzee Celedonio hakuwa akiumwa kifua. Hajawahi kuumwa kifua.

Akakata utepe haraka, akaificha chupa chini ya nepi kwenye mkoba wa mtoto kabla jirani hajachungulia. Uso ulimwaka kwa aibu, kama vile ni yeye aliyekohoa.

Jumapili iliyopita kijiji kizima cha Castrejo kilikuwa kwenye uwanja wa gofu. Ramiro, mume wake, mtoto wa kijiji, alibakiza pigo moja dogo tu ashinde mashindano na kupata nafasi ya kudumu kwenye ligi kuu ya gofu ya Ulaya. Alikuwa ameihangaikia tangu alipoanza kucheza kwa kulipwa. Misimu mingi amelala ndani ya gari huko Ureno na Moroko, akila mkate na sadini, akirudi nyumbani na fimbo zake na hasira zake. Sasa mpira ulikuwa karibu na shimo kiasi kwamba hata Elvira angeutumbukiza, na mtoto mkononi.

Watu wakanyamaza kimya. Mchezaji anapotaka kupiga, huko kwao hata mbwa hushikwa mdomo. Ramiro akavuta fimbo nyuma.

Celedonio akakohoa.

Fimbo ikatetereka, mpira ukapita pembeni. Akatoka sare na Mjerumani mmoja; wakaongezewa shimo moja la kuamua mshindi, na Mjerumani akaondoka na kombe.

Kilichowauma watu zaidi ni kwamba aliyekohoa ni Celedonio. Mzee huyu alibeba mifuko ya wachezaji maisha yake yote, akibana chafya hadi machozi yanamtoka. Ni yeye aliyemfundisha Ramiro kwamba kwenye gofu hakuna refa wa kukufuata nyuma. Ukikosea, unajishtaki mwenyewe. Ramiro akiwa kijana aliwahi kuwaambia waamuzi kuwa mpira wake umetikisika, wakati hakuna aliyeona. Akashindwa siku hiyo, na baba yake akawanywesha watu wa kijiji kizima pombe ya tufaha kwa furaha.

Sasa baba na mwana hawasemeshani. Na kesho Inés, mtoto wa kwanza wa Elvira na Ramiro, anabatizwa. Celedonio ndiye aliyechaguliwa awe baba yake wa ubatizo.

Asubuhi hiyo Elvira alikuwa amembembeleza Ramiro juu ya kikombe cha kahawa kilichopoa.

"Mwambie aje," Ramiro alisema hatimaye. "Nimemsamehe."

"Kila mtu anajua kombe lilikuwa lako, mpenzi."

Ramiro akasukuma kiti, akatoka nje.

Elvira, Inés akiwa mkononi, akamkuta mzee kwenye baa ya Tasio, ameupa ukumbi mgongo.

"Elvira! Umemfuata mgonjwa wetu?" Tasio alipaza sauti. "Celedonio, nikumiminie divai, au asali na limau?"

Watu wakacheka.

"Kesho padre anamtaka akae mlangoni," mwingine akadakia. "Asije akamkohoza hata Roho Mtakatifu!"

"Nyinyi hamna wazazi?" Elvira aliwafokea.

"Waache, binti yangu," Celedonio alisema, akivaa kofia yake. "Wacheke. Ni haki yao."

Wakatoka. Upepo ulileta harufu ya dagaa wa chumvi kutoka kiwandani. Elvira alitembea pembeni ya mzee, akiwaza jinsi ya kuanza. Alimpenda. Wazazi wake mwenyewe walikuwa mbali, na ni huyu aliyekaa naye hospitalini Inés alipozaliwa, Ramiro akiwa mashindanoni Ufini.

"Baba, kwa nini huwajibu? Waambie kilikuponyoka tu. Kikohozi hakiombi ruhusa."

"Siwezi kuwaambia hivyo."

"Basi usiwaambie. Ramiro amekusamehe. Anataka kesho umshike Inés pale kwenye maji."

Celedonio akasimama. "Amekuambia kitu kingine?"

"Kama kipi?"

"Chochote. Kuhusu siku ile."

"Hapana, baba. Kasema amekusamehe, basi."

Mabega ya mzee yakashuka. Akaishika soksi ya Inés iliyokuwa inamtoka mguuni, akaipandisha taratibu.

"Wiki nzima nimemngoja aje," alisema.

"Aje yeye?" Elvira alishindwa kujizuia. "Baba, samahani, lakini wewe ndiye wa kwenda kwake. Ni maisha yake yaliyoharibika pale. Hata usingizi hapati!"

"Hapati usingizi?"

"Anakaa tu kitandani hadi kunakucha."

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo uso wa mzee ulichangamka kidogo. "Afadhali," alisema. "Basi bado yumo ndani yake, yule mwanangu niliyemlea."

Elvira akamkazia macho. Alidhani aibu imeanza kumvuruga akili.

"Shimo la kumi na sita," Celedonio alisema kwa sauti ya chini, "mpira wake uliingia kwenye vichaka vya miiba. Nilitangulia kuutafuta, nikauona umekwama kabisa chini ya mizizi. Kabla sijamwita, akatokea upande wa pili. Hakuniona. Akatazama huku, akatazama huku, halafu akausogeza kwa mguu mpaka kwenye nyasi safi."

Elvira akamkumbatia mtoto kwa nguvu. "Kwa nini hukuwaambia waamuzi?"

"Ningesema, jina lake lingekwisha. Nikanyamaza, nikimngoja ajishtaki mwenyewe. Shimo la kumi na saba, kimya. La kumi na nane, la mwisho, kimya. Akasimama pale mbele ya kijiji chote, akavuta fimbo nyuma."

Mzee akavua kofia.

"Basi, nikakohoa."