Kikombe cha Pili

Mzee alinunua chai vikombe viwili, akanywa kimoja, kisha akainuka na kuhamia benchi la mbele. Kile cha pili alikiacha kimejaa.

Halima, mwenye meza ya chai kwenye ukumbi wa stesheni, aliona yaliyofuata. Mwanamke aliyejitanda kitenge mpaka puani alichomoka nyuma ya nguzo, akakaa pale pale alipokuwa mzee, akainywa ile chai harakaharaka. Halima alimchukia papo hapo. Tangu ahamie Mbeya kutoka Tanga alikuwa ameshaona abiria wakilizwa mchana kweupe.

Akamfuata mzee. "Shikamoo, babu. Uangalie mkoba wako."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga, asante." Macho yake yalikuwa na ukungu. Aliitwa Lazaro, ametoka Mwaya, kule Kyela, na mkobani mlikuwa na vyeti vya hospitali. "Nakwenda Dar kupasuliwa jicho. Hili moja ndilo limebaki. Nikikosa nafasi hii, basi tena."

"Unasafiri na nani?"

"Mwanangu Godwin tulimzika mwaka jana." Akapapasa ukuta. "Wakati inajengwa stesheni hii nilibeba kokoto, bado kijana. Leo hata dirisha la tiketi silioni. Ila siko peke yangu."

Halima alitazama kulia na kushoto, hakuona mtu aliyekuwa naye. Akadhani anamsema Mungu, na huruma ikamjaa.

Treni ya Dar ikaingia. Mzee akainuka, akauacha mkoba juu ya benchi, akashika njia ya stoo ya mizigo. Nyuma yake yule mwanamke akakohoa. Mzee akasita, akageukia mlango wa kuendea treni.

Anapeana ishara na wenzake, Halima aliwaza. Na kweli, mwanamke akaunyakua mkoba na kutoka mbio.

"Amon, mkamate huyo!"

Amon, mlinzi wa mlangoni, akamdaka mkono. Mwanamke hakujitetea. Aliinama tu na kuzidi kujifunika. Filimbi ya kwanza ikalia.

"Babu, geuka umwone mwizi wako," Halima alisema kwa hasira.

Mzee alibaki amewapa mgongo. "Mwachieni, nawaomba. Huyo ndiye anayenipeleka."

"Mbona hata hujamtazama?"

"Mke wa Godwin huyo. Mimi baba mkwe wake nitamtazamaje usoni? Kwetu ni mwiko."

Amon, mzaliwa wa Talatala, huko huko Kyela, akauachia ule mkono upesi na kuinamisha macho. Mwanamke akaweka mkoba vizuri begani, akasimama hatua chache nyuma ya mzee, akakohoa.

Mzee akainua mguu, akaikuta ngazi ya behewa.