Makanisa Hayalipi

Kezia alizima mashine ya kusaga mara tu alipomwona afisa wa ushuru wa kaunti akishuka kwenye bodaboda.

Mwezi uliopita alikuwa amechora msalaba mwekundu juu ya mlango wake, akaandika chini yake jina la kanisa lisilokuwepo. Soko zima la Kendu Bay lilijua kwamba makanisa hayalipi ushuru.

Afisa alisimama mlangoni. Aliutazama msalaba, kisha magunia ya mahindi.

"Mama, hapa kweli ni kanisa?"

"Ni kanisa."

"Na hii mashine?"

"Waumini nao lazima wale."

Kezia alingoja aombwe leseni. Badala yake afisa aliinama, akavua viatu na kuviacha nje, kisha akaingia na kupiga magoti kwenye pumba.

"Niombee, Mchungaji. Binti yangu hajatembea tangu Pasaka. Hospitali tumezunguka mpaka tumechoka."

Soksi yake moja ilikuwa imetoboka na kisigino kilichungulia. Kezia alikikodolea macho kisigino hicho. Nje, wateja wake walikuwa wakimwangalia yeye.

Aliweka mikono yake yenye unga juu ya kichwa cha yule mwanamume. Sala pekee iliyomjia ilikuwa ile ya kubariki chakula, akaisema yote, polepole.

Afisa aliinuka akifuta machozi. Alama za vidole vya Kezia zilikuwa zimebaki nyeupe kwenye nywele zake.

"Kesho asubuhi," afisa alisema, "nitamleta mwenyewe."