Mwonja Chakula wa Kaisari

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na Roma yao, Kaisari alikuwa simba aitwaye Leonino, na aliogopa sumu kuliko mkuki. Akatoa amri kwamba hakuna kitakachoingia kinywani mwake kabla hakijaonjwa na nguruwe Pomponi.

Pomponi alikuwa mlafi, tena mwenye bidii. Alionja paja zima, akaonja mchuzi mpaka sufuria ikang'aa, kisha akafuta mdomo. "Bado sina hakika, Mtukufu. Naomba nionje tena."

Simba akakonda mpaka taji likamshukia shingoni. Siku moja akamtazama Pomponi alivyonenepa na kung'aa mafuta, na wazo likamjia.

"Pomponi," akasema huku mate yakimdondoka, "wewe umekula kila kitu na bado u mzima. Roma nzima hakuna nyama salama kama yako!"

Wapishi wakanoa visu.

"Naam, Mtukufu," nguruwe akajibu, "lakini amri ni amri. Lazima nionje kwanza."

Akageuka, akaung'ata mkia wake mwenyewe. Akapiga ukelele, "Sumu!", akaanguka chali, miguu juu.

Simba akaruka nyuma. "Mtupeni nje ya ukuta! Masikini, amefia kazini. Mjengeeni sanamu!"

Basi kila mwaka Roma hufanya karamu ya kumwomboleza Pomponi chini ya sanamu yake, na kila mwaka huja mgeni mmoja mnene, kajitanda shuka hadi puani, anayelia kwa uchungu kuliko wote na kuomba aongezwe mchuzi.