Mlango wa Kakakuona

Eti mlinzi asiye na komeo anazuia nini? Kiboko, bosi wa maghala, zamani alikuwa akipachika mwenyewe komeo kwenye kila mlango kila jioni. Alipoajiri akina Nguchiro, vijana wanaokuja na makomeo yao, akaacha kazi hiyo.

“Na mlango wangu, bosi?” akauliza Kakakuona, mlinzi wa siku nyingi. “Mahindi ya humu ni yako.”

“Mzee, hii ni dijitali. Kila mtu anakuja na lake.”

Usiku huo Fisi akausukuma mlango huo kwa pua, akala mpaka akabeua.

“Wewe ni mlinzi gani?” Kiboko akafoka.

“Wa sistimu ya zamani, bosi. Ile uliyoizima nikiwa kazini.”

Nanyi mabosi wa apdeti, wapachikieni wakongwe makomeo kwanza, ndipo mtuletee ubishoo wenu.